Mzunguko mmoja kwa watu wanne: Botswana imetuonyesha tulichokiacha

Mvua ilikuwa ikinyesha Tokyo tarehe 21 Septemba 2025 wakati Collen Kebinatshipi wa Botswana alipopokea kijiti kwa mzunguko wa mwisho wa mbio za mita 400 za kupokezana, fainali ya wanaume ya mashindano ya dunia ya riadha. Mbele yake alikuwepo Rai Benjamin wa Marekani, bingwa wa Olimpiki wa mita 400 kuruka viunzi, ambaye siku chache kabla alikuwa ametwaa pia ubingwa wa dunia. Katika sehemu ya mwisho iliyonyooka Kebinatshipi alimfikia, akampita. Botswana ilimaliza kwa dakika 2 sekunde 57.76. Marekani na Afrika Kusini zote zilipewa muda wa 2:57.83, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue nani apate fedha, na fedha ikaenda Marekani. Tangu mashindano hayo yaanze Helsinki mwaka 1983, hakuna taifa la Afrika lililowahi kushinda mbio hizo za wanaume. Rais Duma Boko aliwapa wananchi wake siku ya mapumziko, tarehe 29 Septemba, ili nchi yenye watu wapatao milioni mbili na nusu isherehekee.

Kwetu Afrika Mashariki ushindi huo ulipokewa kama habari njema ya jirani, kisha tukarudi kuzungumzia mita 800, mita 5,000 na marathoni. Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Dhahabu ya Botswana haikuwa muujiza, wala haikuletwa na kipaji cha mtu mmoja. Imetokana na kazi ambayo nchi yoyote yenye vijana wepesi na uwanja wa kukimbilia inaweza kuifanya: kuwaweka wakimbiaji wale wale pamoja mwaka baada ya mwaka, wakishinda na wakishindwa, mpaka timu ikomae. Kazi hiyo hatuhitaji kuifunzwa Gaborone. Kenya iliifanya zaidi ya miaka 50 iliyopita, ikapata dhahabu ya Olimpiki, kisha ikaiacha. Tuliiacha kwa uamuzi, si kwa sababu miili yetu ilitukatalia, na uamuzi unaweza kutenguliwa.

Mtazame Bayapo Ndori. Agosti 2021, katika Olimpiki ya Tokyo iliyocheleweshwa mwaka mzima na janga la korona, alikuwa kijana wa miaka 22 kwenye timu ya Botswana iliyopata shaba kwa 2:57.27. Alikimbia pamoja na Isaac Makwala, mkongwe aliyewahi kukimbia mita 400 kwa sekunde 43.72, na Baboloki Thebe. Makwala na Thebe walikuwa wamekwisha kuipa Botswana dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Gold Coast, Australia, mwaka 2018. Mei 2024 Botswana ikashinda mbio hizo katika mashindano ya dunia ya kupokezana vijiti mjini Nassau, Bahamas. Miezi mitatu baadaye, Paris, Ndori alikimbia mzunguko wa kwanza katika fainali ya Olimpiki, na Botswana ikapata fedha kwa 2:54.53, rekodi ya Afrika, ikiwa nyuma ya Marekani kwa sekunde 0.10 tu. Mwaka uliofuata alikuwa tena uwanjani Tokyo, akikimbia mzunguko wa tatu, na safari hii medali ilikuwa ya dhahabu. Katika ile timu ya Paris, watatu kati ya wanne walirudi Tokyo: Ndori, Kebinatshipi na Letsile Tebogo. Aliyebadilika ni mmoja tu, Lee Eppie akishika nafasi ya Anthony Pesela.

Linganisha nyakati hizo na utaona jambo ambalo wachambuzi wengi wamelipita haraka. Muda uliowapa Botswana dhahabu mwaka 2025 ulikuwa mbaya kuliko uliowapa fedha mwaka 2024, tena kwa zaidi ya sekunde tatu. Ulikuwa mbaya hata kuliko ule wa shaba ya 2021. Mvua ilichangia, bila shaka. Lakini la maana zaidi ni kwamba mbio za kupokezana hazishindwi kwa kufukuza saa ya siku moja nzuri. Kuna siku wapinzani watakuwa na watu wanne walio katika kilele chao, na kuna siku uwanja utakuwa umelowa, nyota wa upande mwingine wamechoka, na Marekani yenyewe imelazimika kukimbia asubuhi ile ile ili tu iingie fainali. Timu ya kushtukiza haiwezi kuchagua siku yake. Timu iliyozoea kufika fainali huwa tayari ipo siku ya aina hiyo inapokuja.

Wapo wanaosema yote haya ni Tebogo, na kwamba bila yule kijana aliyeshinda mita 200 Paris kwa sekunde 19.46, Botswana ingekuwa timu ya kawaida. Ushahidi unaelekea upande mwingine. Paris, Tebogo ndiye aliyekimbia mzunguko wa mwisho, kwa kasi ya kutisha ya sekunde 43.04, na bado walipata fedha. Tokyo 2025 kwake binafsi ilikuwa mashindano machungu: aliondolewa kwenye fainali ya mita 100 kwa kuanza kabla ya mlio wa bastola, kisha akashika nafasi ya nne katika mita 200. Katika timu ya kupokezana hakupewa mzunguko wa mwisho wenye sifa na kamera. Aliwekwa wa pili. Walioupa uamuzi huo uzito ni wenzake. Kebinatshipi alikuwa ametoka kuwa bingwa wa dunia wa mita 400 kwa sekunde 43.53, na Ndori alikuwa na shaba ya mbio hizo hizo kwa sekunde 44.20. Timu ya nyota mmoja haina uwezo wa kumpanga nyota huyo mahali ambapo timu inamhitaji zaidi.

Na mzunguko wa pili si mahali pa kumficha mtu. Mkimbiaji wa kwanza hubaki kwenye njia yake mwanzo hadi mwisho, hana wa kugongana naye. Wa pili hubaki kwenye njia kwa kona ya kwanza tu, kisha wote wanane au tisa huruhusiwa kuingia ndani, kila mmoja akitaka kuwahi ukingo. Anayetangulia pale ndiye anayewalazimisha wengine kukimbia kwa nje, yaani kukimbia mbali zaidi. Wanaosubiri kupokea kwa mzunguko wa tatu na wa nne hupangwa na waamuzi kufuatana na jinsi wenzao walivyopita alama ya mita 200, kwa hiyo timu iliyo mbele hupokea kijiti ikiwa ndani, na iliyo nyuma hupokea katikati ya viwiko na magoti ya watu. Kijiti hupokelewa kwa kutazama nyuma, si kwa upofu kama kwenye mita 100, kwa sababu anayekileta amekwisha nguvu na hakuna ajuaye atafika kwa kasi gani. Ni nani atangulie, nani avumilie kugongwa, nani anayejua kumsoma mwenzake anayeyumba katika mita 20 za mwisho: hayo hayajulikani kwa kuangalia orodha ya nyakati bora. Hujulikana kwa watu kukimbia pamoja mara nyingi.

Kenya ilikuwa inayajua. Mexico City mwaka 1968, Daniel Rudisha, Hezekiah Munyoro Nyamau, Naftali Bon na Charles Asati walipata fedha ya Olimpiki kwa 2:59.64. Marekani iliweka rekodi ya dunia siku hiyo, 2:56.16, na katika fainali nzima ni timu hizo mbili tu zilizomaliza chini ya dakika tatu. (Huyu Rudisha ni baba yake David, mwenye rekodi ya dunia ya mita 800.) Miaka miwili baadaye, Edinburgh, Nyamau, Julius Sang, Robert Ouko na Asati walishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1972 wanaume hao hao wanne walikwenda Munich. Ujerumani Magharibi iliongoza mzunguko wa mwisho kwa Karl Honz, aliyeanza kwa kasi ambayo hakuna mwili ungeweza kuihimili hadi mwisho. Sang hakumfuata kwa pupa. Alimwacha ajichome, akampita, akamaliza mzunguko wake kwa takriban sekunde 43.6, na Kenya ikashinda kwa 2:59.83. Uingereza na Ufaransa zilifuata, Wajerumani wakaishia nafasi ya nne. Mwaka 1974, Christchurch, Asati na Sang walikuwa bado wapo, na Kenya ikatetea dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Hesabu hiyo ni fedha moja na dhahabu tatu katika miaka sita, na jina la Asati limo katika zote nne. Yeye ndiye aliyekuwa Ndori wa zama zake.

Pingamizi la kwanza ni la zamani: dhahabu ya Munich ilipatikana kwa sababu Marekani haikukimbia. Ni kweli haikukimbia. Vincent Matthews na Wayne Collett, waliokuwa wa kwanza na wa pili katika mita 400, walifungiwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kwa namna walivyosimama jukwaani wakati wimbo wa taifa lao ukipigwa, na John Smith alikuwa ameumia. Marekani ikakosa watu wanne. Sitadai kwamba Kenya ingewashinda. Kwa nguvu waliyokuwa nayo, Wamarekani wangeingia wakipewa nafasi kubwa. Lakini pingamizi hili linasahau kwamba wote waliokuwepo uwanjani walifunguliwa mlango huo huo. Ujerumani Magharibi ilikuwa nyumbani kwake, mbele ya watu wake, na ilikuwa na Honz, mmoja wa wakimbiaji wepesi kuliko wote Ulaya mwaka ule. Hakuna timu nyingine iliyokimbia chini ya dakika tatu katika fainali hiyo. Sang mwenyewe alikuwa amepata shaba ya mita 400 kwa sekunde 44.92, nyuma ya Matthews aliyekimbia 44.66. Bahati ilimwondoa mpinzani mmoja mkubwa. Haikumwambia Sang asubiri nyuma ya Honz.

La pili ni la mwili, nalo linanikera zaidi kwa sababu sasa linasemwa na sisi wenyewe. Tunaambiwa watu wa Afrika Mashariki wameumbiwa masafa marefu, na kasi ni ya watu wa Afrika Magharibi na uzao wao wa ng'ambo. Wenye hoja hii wanapaswa kueleza Munich. Katika Olimpiki hiyo hiyo Sang alipata shaba ya mita 400, Kenya ikapata dhahabu ya kupokezana, na John Akii-Bua wa Uganda akashinda mita 400 kuruka viunzi kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82. Waeleze pia Seraphino Antao, kijana wa Mombasa aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 katika michezo ya Jumuiya ya Madola Perth mwaka 1962. Waeleze Samson Kitur aliyepata shaba ya mita 400 Barcelona 1992, na fedha ya Kenya ya kupokezana katika mashindano ya dunia Stuttgart 1993. Davis Kamoga wa Uganda alipata shaba ya mita 400 Atlanta 1996 na fedha ya dunia Athens mwaka uliofuata. Nicholas Bett alikuwa bingwa wa dunia wa viunzi Beijing 2015. Botswana nayo haiko Afrika Magharibi. Kilichopungua kwetu baada ya miaka ya 1970 si damu. Ni idadi ya watu wanaotafutwa, wanaofundishwa na wanaosubiriwa.

Kususia Olimpiki kulichangia, na haki itendeke kwa kulisema. Kenya haikwenda Montreal mwaka 1976 pamoja na nchi nyingi za Afrika zilizopinga uhusiano wa michezo na utawala wa makaburu, na haikwenda Moscow mwaka 1980. Bingwa wa Munich hakupata kutetea taji lake kwa miaka kumi na miwili. Kizazi kilichokuwa na nguvu, ambacho mwaka 1978 kilishinda tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, hakikuonekana Olimpiki kabisa. Hata hivyo mbio ndefu za Kenya zilipitia kususia huko huko na zikarudi zikiwa na nguvu zaidi, kwa hiyo siasa pekee haitoshi kuwa jibu.

Jibu lenye uzito ni fedha, na hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu. Tangu miaka ya 1980, sheria za riadha zilipolegezwa ili wakimbiaji walipwe, barabara imekuwa na malipo ambayo uwanja hauwezi kuyafikia. Mshindi wa marathoni ya Boston hupata dola 150,000 kwa asubuhi moja, na zote ni zake. Timu inayoshinda mbio za kupokezana katika mashindano ya dunia hupata dola 80,000 za kugawana, yaani dola 20,000 kwa kila mkimbiaji wa fainali iwapo wanne watagawana sawa. Kijana wa Iten au Kapsabet anayepima maisha yake hahitaji mwalimu wa hesabu. Kumlaumu kwa kuchagua barabara ni kukosa utu.

Lakini hoja hiyo inasema kwa nini mtu binafsi hachagui mbio za kupokezana. Haisemi kwa nini taifa lisizichague. Kila mahali duniani mbio hizi ni mali ya taifa kuliko mali ya mkimbiaji: hakuna wakala anayemiliki timu, hakuna anayeweza kukimbia peke yake hata akitaka. Kwa hiyo gharama yake lazima ibebwe na chama cha riadha na serikali, kwa mishahara, kambi na safari. Kenya inacho chombo cha kufanyia hivyo, tena cha siku nyingi. Polisi, jeshi na magereza huajiri wanariadha, huwalipa, na huwa na timu zao za kupokezana zinazoshindana nyumbani. Mtu anayekimbia mita 400 kwa sekunde 45 na ana mshahara wa mwezi hahitaji kushindana na malipo ya Boston. Anahitaji kujua kwamba mwaka ujao, na mwaka utakaofuata, bado atahesabiwa miongoni mwa wakimbiaji ambao taifa limewateua, hata akiwa na msimu mbaya.

Sang na Ouko walikuwa na bahati ya mazingira ya aina hiyo. Walisoma North Carolina Central, chuo cha Marekani ambako kocha Leroy Walker aliwafundisha, mahali ambapo mbio za kupokezana ni ratiba ya kawaida ya msimu wala si nyongeza ya mwisho wa mashindano. Walikuwa wakipokezana vijiti na wenzao msimu baada ya msimu. Ouko alikuwa mtu wa mita 800, wa tano katika fainali ya Munich na bingwa wa Jumuiya ya Madola, na siku chache baada ya fainali hiyo alikimbia mzunguko wa tatu wa dhahabu. Leo Kenya ina vijana wengi wa mita 800 wenye kasi kuliko nchi yoyote duniani. Mmoja au wawili kati yao, wakipewa nafasi ya kujaribiwa mapema, wangetosha kuijaza timu ambayo mara nyingi inapungukiwa na mtu wa tatu na wa nne.

Wengine watauliza kwa nini tujisumbue. Tokyo 2025 Kenya ilipata dhahabu saba na kushika nafasi ya pili kwenye jedwali la medali. Ndiyo, na hakuna hata moja kati ya hizo saba iliyopatikana katika mbio zilizo fupi kuliko mita 800. Nchi yenye utajiri mkubwa hivi wa wakimbiaji inawaambia vijana wake wenye kasi ya mita 400 kwamba wapande mita 800, wakishindwa waache. Idadi ya vipaji vinavyopotea kwa njia hiyo haiandikwi popote, na ndiyo maana haimuumizi mtu. Isitoshe, siku ile ile Botswana ilipochukua dhahabu, Kenya ilikuwa na nafasi yake. Baada ya timu yake na ya Marekani kuzuiliwa njia katika mchujo, waamuzi waliamua zikimbie zenyewe, timu mbili tu katika uwanja mzima, zikigombea nafasi moja ya fainali. Marekani ikashinda. Saa chache baadaye Marekani ilimaliza sekunde 0.07 nyuma ya dhahabu. Anayesema mbio hizi ziko nje ya upeo wetu aikumbuke asubuhi hiyo: Kenya ilikuwa imesimama kwenye mstari mmoja na timu iliyopata fedha ya dunia.

Ninachokitaka kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja ya chama cha riadha. Wateuliwe wanane sasa, kwa majina, kwa ajili ya Los Angeles 2028, wakiwemo wawili wa mita 800 na angalau mmoja wa viunzi. Wawe na kocha wao wa kupokezana, si kocha wa mita 400 anayekabidhiwa kijiti wiki ya mwisho. Wapelekwe kila mashindano ya dunia ya kupokezana bila kujali kama msimu wao unaahidi medali, maana Botswana haikupata dhahabu yake ya kwanza ya dunia kwa kusubiri iwe na uhakika nayo. Tanzania na Uganda nazo zinaweza kufanya hivyo kwa kiwango chao, na hata mashindano ya nchi tatu kila mwaka, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa zamu, yangewapa vijana wao mbio za ushindani ambazo sasa wanazipata wakiwa tayari kwenye mchujo wa dunia. Kebinatshipi alikuwa na miaka 21 alipompita Benjamin, na Tebogo 22. Mwaka 2028 watakuwa bado vijana, na wataingia Los Angeles wakiwa wamekimbia pamoja kwa miaka minne mfululizo. Timu itakayokutana nao inapaswa kuanza kambi mwaka huu.